Hasi Ishirini

Saa tatu na robo asubuhi, printa kubwa ya ofisi ya ramani ilitoa nusu ya mto ikakwama. Mto wenyewe ulikuwa unatoka vizuri, buluu ya kupendeza na kona zake zote, mpaka ulipofika darajani. Hapo karatasi ikasimama, taa ya njano ikawaka, na watu wanne waliokuwa wakisubiri wakaita kwa mkupuo mmoja.

"Fundi!"

Fundi alikuwa chumba cha pili, kile chenye baridi, akijifanya anapanga nyaya. Ofisi ile ilikuwa na meza kumi na moja na kompyuta moja tu ya maana. Mezani palikuwa na skrini na kibodi, basi. Kazi yote ya kuchora, kupima na kuunganisha picha zilizopigwa kutoka angani ilifanywa na mashine moja kubwa iliyokaa chumbani humo ikivuma mchana na usiku, na kila mtu alichota nguvu zake humo humo. Ikilemewa, wanalemewa wote. Na kwa miezi mitatu sasa ilikuwa ikilemewa karibu kila siku, na kila mara Fundi alipoulizwa, jibu lake lilikuwa lile lile: mashine imezeeka.

Mashine haikuwa imezeeka hata kidogo. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana siku hizi alikuwa akipanga nyaya sana.

Mkuu wa ofisi aliingia bila kubisha, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake alikuja Mpimaji, bwana mmoja mrefu mwenye buti za matope na mdomo usiojua likizo.

"Fundi, wahandisi wa maji wanakuja saa saba kuchukua ramani ya mabomba," Mkuu alisema. "Watu wao wako mitaroni na masururu, wanasubiri kuambiwa wachimbe wapi. Mimi nina nusu ya mto wa Mpimaji, na ya mabomba bado iko nyuma yake. Kuna kitu kimeishika mashine. Kitafute, ukiue."

"Nikiue, mkuu?"

"Si ulinieleza mwenyewe kwamba iko amri ya kuua? Basi leo ndiyo siku yake."

Mkuu akaondoka. Mpimaji akabaki, akaegemea mlango kama mtu aliyekuja kuangalia mechi.

Fundi alikaa, akafungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha wala vitufe, maandishi tu. Akaandika herufi tatu, top, akabonyeza. Papo hapo skrini ikajaa orodha ya kila kazi iliyokuwa ikiendelea tumboni mwa mashine: namba ya kazi, jina la mwenye kazi, kiasi cha nguvu inachokula, na muda iliokwisha kuutafuna. Kila baada ya sekunde tatu orodha ile hujipanga upya, mlaji mkubwa akapanda juu, wenye njaa wakashuka chini. Ni kitu cha haki sana. Hakijui cheo wala sura ya mtu.

Juu kabisa palikuwa na kazi moja, siku tisa tangu ianze, imekumbatia asilimia tisini na nane ya nguvu zote. Mwenye kazi alikuwa Bi Mistari.

Fundi hakushangaa.

Hapa inabidi nieleze habari za Bi Mistari. Alikuwa mchoraji mkuu wa ramani, miaka thelathini na mmoja kwenye meza ile ile ya dirishani. Alianza kazi enzi za kalamu na wino, na jina lake alilipata kwa kuwa hakuwahi kuuvumilia mstari unaotetemeka, uwe wa barabara, wa reli au wa mpaka wa shamba la mtu. Ijumaa ya wiki hiyo alikuwa anastaafu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuunganisha picha elfu sita za angani ziwe ramani moja ya mji mzima, paa kwa paa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikila mashine.

Tena Bi Mistari alikuwa mama mzazi wa muuguzi mmoja mcheshi, na muuguzi huyo alikuwa mchumba wa Fundi.

Wazazi wa Fundi walikwisha kwenda mara moja kuongea naye. Bi Mistari aliwapokea vizuri, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana ninafanya naye kazi. Nitamtazama kwanza." Jibu angelitoa Jumamosi hii. Kwa hiyo Fundi alitazamwa miezi mitatu, siku tano kwa wiki, kutoka hatua kumi na tano. Jaribu wewe kuishi hivyo. Akimwona mama mkwe mtarajiwa kwenye korido, alitoa shikamoo akainama, akapita ubavuni kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Akiitwa kutengeneza kibodi yake, aliitengeneza huku akiiangalia sakafu. Alitamani kumwambia, mama, nampenda binti yako na nitamtunza, lakini ulimi uligeuka gogo.

Basi katika juma la kwanza la kutazamwa, alipata wazo. Ndani ya mashine ile, kila kazi ina namba ya upole. Namba ikiwa kubwa, kazi hiyo ni pole, inawapisha wenzake. Ikiwa sifuri, ni ya kawaida, inasubiri zamu. Ikishuka chini ya sifuri, haimpishi mtu. Na iliyo chini kuliko zote, hasi ishirini, inakaa mbele ya kila mtu na kushiba kwanza. Namba hiyo imekusudiwa kwa mambo ya dharura ya mashine yenyewe. Fundi alijiuliza: mkubwa akifika mlangoni, si hupishwa? Akifika mezani, si hutengewa kwanza? Akaandika mstari mmoja mdogo: kila kazi ya Bi Mistari ianze na hasi ishirini. Zawadi hakuwa na ujasiri wa kupeleka, maneno hakuwa nayo, basi akampa mama mkwe kitu pekee alichokuwa na mamlaka nacho duniani. Aliona raha usiku ule, akalala kama mtoto.

Raha haikudumu wiki mbili. Wenzake wakaanza kungoja dakika kumi kufungua ramani ya kiwanja kimoja, na Bi Mistari akaanza kumaliza kazi za siku tatu kwa siku moja. Wakati wa chai alikuwa akiwapitia mmoja mmoja. "Mimi na miwani yangu hii nimemaliza kata tatu," alikuwa akisema. "Ninyi vijana mna nini? Konokono nyie." Alisema akicheka, lakini alisema kila siku. Watu wakamezea. Fundi naye alikuwa akiinamia kikombe chake mpaka chai inapoa. Angeweza kuufuta ule mstari wakati wowote, lakini je, mama akipungua mwendo ghafla, akaja kuuliza? Akaahirisha, tena akaahirisha.

"Huyu wa juu si Bi Mistari?" Mpimaji aliuliza kutoka mlangoni, shingo imerefuka. "Na hii hasi ishirini ni nini? Mbona sisi wote tuna sifuri?"

"Mambo ya mfumo tu," Fundi alisema.

"Mfumo," Mpimaji alirudia polepole, kama anayelionja neno. "Haya. Muue basi, nipate mto wangu."

Fundi hakutaka hata kulisikia neno lile. Programu ya kuunganisha picha haihifadhi kitu mpaka imalize. Ukiiua, siku tisa zinakwenda na maji, na Ijumaa mwenyewe anaenda nyumbani bila ramani yake. Lakini iko ishara nyingine, na mafundi wengi wavivu huisahau: ya kusimamisha. Kazi haifi. Inaganda pale ilipo, imeshika kila ilichokuwa imeshika, mpaka uiamshe. Fundi akaandika amri, kidole kikasita kidogo juu ya kibodi, kisha akabonyeza.

Kwenye orodha, herufi R iliyoonyesha kwamba kazi inakwenda ikageuka T, imesimama. Asilimia tisini na nane ikawa sifuri. Mvumo wa mashine ukashuka kama mtu aliyetua gunia, na ukumbini printa ikashtuka, ikavuka daraja, ikamaliza mto.

Shangwe iliyopigwa huko ingetosha harusi. Kwenye kila meza ramani zilifunguka kabla mtu hajaondoa kidole. "Leo mashine imekula nini?" mmoja aliuliza. Mpimaji akakimbilia mto wake, na Fundi akabaki peke yake na mpango mzuri sana kichwani. Ramani ya mabomba itatoka kabla ya saa saba. Kisha ataiamsha kazi ya mama, ataishusha kimyakimya kwenye sifuri, ataufuta ule mstari, na hakuna mtu duniani atakayejua. Jumamosi itafika, atajibiwa, na mambo yatakuwa shwari.

Alikuwa bado anaufurahia mpango huo Bi Mistari alipotokea mlangoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Fundi," alisema, "ramani yangu imekufa."

Fundi alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Imekaa asilimia tisini na moja tangu saa tatu na nusu. Haisogei." Alikuwa amekunja mikono kifuani, kisha akaikunjua, akaikunja tena. "Mashine imezeeka, najua, umetuambia mara nyingi."

Pale ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, tena mama ameufungua mwenyewe. Fundi alikuwa na neno "ndiyo" tayari ulimini. Lakini Bi Mistari hakuwa amemaliza.

"Au ni mimi," alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale ofisini. "Labda nimebonyeza kitu. Siku hizi naona herufi mbilimbili jioni. Miaka thelathini na mmoja sijaharibu ramani, halafu ya mwisho... Niambie tu kama ni mimi, mwanangu, usinionee haya."

Fundi akahisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kuona haya ndiko kulikotuletea yote haya, alijisemea, na akapiga moyo konde.

"Si wewe, mama. Haijafa. Nimeisimamisha mimi. Na mashine haijazeeka." Halafu akamwaga yote, pasipo kuvuta pumzi, macho yakiwa sakafuni: ile namba, hasi ishirini, miezi mitatu, watu waliokuwa wakingoja. "Nilitaka kukuheshimu. Sikujua nifanyeje. Nikakuweka mbele ya watu wote, nikawadanganya watu wote."

Mashine ikavuma. Bi Mistari akakiinua kile kiti kilichoanguka, akakikalia yeye.

"Kwa hiyo mimi si mwepesi," alisema.

"Mama ni mwepesi, ila..."

"Nyamaza kidogo." Akashusha miwani yake. "Nionyeshe."

Fundi akamwonyesha. Akaeleza safu moja baada ya nyingine, na Bi Mistari akafuata kwa kidole, bila kugusa kioo, kama anavyofuata mpaka wa shamba. Alipofika kwenye safu ya namba za upole, akasimama.

"Hawa wenye sifuri ni nani?"

"Wote, mama. Huyu Mpimaji. Huyu dada wa viwanja. Huyu Mkuu."

"Hata Mkuu?"

"Hata Mkuu."

"Na wote walikuwa wananingoja mimi nishibe."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikiwaita konokono."

Kwenye korido, mtu fulani mwenye buti za matope alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Bi Mistari akageuka.

"Mpimaji, umesikia mangapi?"

"Tangu shikamoo, bibie."

"Vizuri, umenipunguzia maneno." Akasimama, akanyoosha sketi yake, akaenda ukumbini kwa mwendo wake wa siku zote. Fundi akamfuata nyuma, roho mkononi. Aliona Jumamosi yake ikiyeyuka mbele ya macho yake. Aliwaza namna atakavyompigia mchumba wake simu, na hakuona neno la kuanzia.

Bi Mistari alisimama katikati ya meza. Hakupandisha sauti, watu wakanyamaza wenyewe.

"Jamani, miezi mitatu mmekuwa mkingoja kwa sababu yangu. Fundi alinipa nafasi ya mbele kwenye mashine. Sikuiomba, sikujua, ila nimeitumia, na juu yake nikawacheka. Nilidhani mikono yangu imerudi ujanani. Nisameheni. Fundi naye atawaomba msamaha mwenyewe, mdomo anao."

Fundi akaomba. Alisema vibaya, maneno yakijikanyaga, lakini alisema akiwa ameinua kichwa. Mkuu akamuuliza ni barua ngapi amemwandikia kuomba mashine mpya. Fundi akasema mbili. "Utaandika nyingine kuzikanusha, leo," Mkuu alisema, "na uandike sababu." Dada wa viwanja alinuna waziwazi, na alikuwa na haki, maana siku mbili alikuwa amebaki ofisini mpaka magharibi kwa ajili ya ukurasa mmoja.

"Sasa nina ombi," Bi Mistari akaendelea. "Ramani yangu imebakiza sehemu tisa katika mia. Fundi, nikirudi kwenye foleni kama watu wengine, itaisha lini?"

"Jumatatu, mama. Labda Jumanne."

"Na mimi Ijumaa nakabidhi funguo." Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Basi naomba. Ramani ya mabomba itoke kwanza. Baada ya hapo, kama mtakubali, mnipishe mpaka Ijumaa. Anayekataa aseme, sitamnunia. Miezi mitatu mmeshanipisha bila kuulizwa. Inatosha hata mkisema hapana."

Nyuma, Mpimaji akainua mkono wake mrefu taratibu, taratibu mno, kwa makusudi.

"Mimi konokono nina neno," alisema. "Konokono kwa kawaida hana haraka. Kazi yangu iwekwe nyuma kabisa. Ila nataka kuona kwa macho yangu, Fundi. Mambo ya mfumo sitaki tena."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikavunja kitu kilichokuwa kimekaa ofisini muda mrefu. Mmoja akasema na yangu pia. Mwingine akasema na yangu. Dada wa viwanja alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpaka Ijumaa saa kumi. Saa kumi na dakika moja nataka sifuri."

"Saa kumi," Bi Mistari alisema. "Ahsante, mwanangu."

Ramani ya mabomba ilitoka saa sita kasorobo, bado ya moto. Kisha wakajazana wote kwenye chumba cha baridi, wengine wakichungulia juu ya mabega, na Fundi akapitia orodha kwa sauti kama mwalimu anayeita majina. Kila aliyetajwa akajibu "weka," na Fundi akaipandisha namba yake ya upole mpaka kumi na tisa mbele ya macho yake. Ya Bi Mistari akaitoa kwenye hasi ishirini, akaiweka sifuri, sawa na mtu yeyote wa kawaida, maana wakikupisha wenzako sifuri inatosha. Halafu akafuta ule mstari wake wa siri, wakaona ukifutika. Amri ya kuamsha aliiandika, lakini kubonyeza akamwachia mwenyewe. Bi Mistari akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa uangalifu kama anayetia nukta kwenye ramani. T ikawa R. Tisini na moja nukta mbili. Tisini na moja nukta tatu.

Watu wakatawanyika. Bi Mistari akabaki amekaa, macho kwenye orodha.

"Miezi mitatu nimekutazama," alisema bila kugeuka. "Sikuona kitu. Kijana anainama, anapita, anainama, anapita. Nikamwambia mwanangu, huyo mchumba wako hana kosa lolote, na mtu asiye na kosa simjui. Jumamosi nilikuwa nimepanga kuwaambia wazazi wako wanipe miezi mingine."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Na sasa, mama?"

"Sasa nimekuona. Umekosea vibaya, ukasema mwenyewe, na ulikuwa na njia ya kutokea niliyokufungulia mimi." Akageuka, akamtazama usoni, na Fundi akajizuia asiinamishe kichwa. "Nisikilize. Ulinipa kitu kikubwa nisijue, kikanifanya mjinga mbele za watu. Binti yangu usimfanyie hivyo. Ukimpa kitu, mpe akiona. Ukishindwa kusema, sema umeshindwa kusema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Waambie wazazi wako waje Jumamosi, na waje na furaha, siyo na hotuba." Akainuka, akakirudisha kiti mahali pake. Mlangoni akageuka tena, kidole juu. "Saa nne kamili. Wasichelewe. Mimi kungojangoja watu sijazoea."

"Tunajua!" Mpimaji akaitikia kutoka ukumbini, na ofisi nzima ikacheka, Bi Mistari mwenyewe akiwa wa kwanza.